Jeni moja, mwendo tofauti

Katika familia kadhaa za milima ya Antioquia, kaskazini-magharibi mwa Colombia, mtu wa miaka 44 huanza kurudia swali lile lile kabla kahawa yake haijapoa. Akifika 49 anahitaji mtu wa kumwangalia. Wengi hufariki wakiwa na umri wa miaka 60 hivi. Kwa vizazi vingi, watu wa huko waliamini ni laana.

Daktari Francisco Lopera, aliyefariki dunia mwaka 2024, hakuiamini laana hiyo. Tangu miaka ya 1980 alizifuata familia hizo vijijini, akachora koo zao kizazi baada ya kizazi, na utafiti ukafichua hitilafu katika jeni ya presenilini 1, inayoleta ugonjwa wa Alzheimer mapema. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Ukoo huo una watu wapatao 6,000, na zaidi ya 1,000 wameibeba.

Ila mama mmoja alivunja kalenda. Alikuwa na hitilafu ile ile, lakini kumbukumbu yake haikuyumba hadi alipovuka miaka 70. Picha za ubongo wake zilionyesha amiloidi, ile protini inayolaumiwa kwa Alzheimer, imejaa tele. Protini nyingine iitwayo tau, ambayo hujisokota ndani ya seli za ubongo, ilikuwa kidogo mno. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba alirithi kutoka kwa wazazi wote wawili umbo adimu la jeni ya APOE, linaloitwa Christchurch. Alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 77. Mwaka 2024 ikaripotiwa kuwa ndugu zake 27 waliorithi nakala moja tu walichelewa kuugua kwa takriban miaka mitano.

Miaka mitano! Kwa mzazi mwenye watoto shuleni, huo si muda mdogo.

Jambo hili linatufunza kuitazama tau zaidi: inavyosambaa ndivyo akili inavyopungua, na kwa wanaougua kabla ya miaka 65 mara nyingi husambaa kwa kasi kuliko kwa wazee. Sehemu inayoshambuliwa nayo ina uzito wake. Mwandishi Mwingereza Terry Pratchett, aliyegunduliwa kuwa na Alzheimer mwaka 2007 akiwa na miaka 59, alipata aina inayoanza kwa kuharibu uwezo wa kutambua vitu kwa macho. Alishindwa kupiga chapa, lakini aliendelea kutunga vitabu kwa kusema hadi karibu na kifo chake mwaka 2015.

Nje ya jeni, utafiti wa mwaka 2018 kwa wenye Alzheimer ya kurithi ulionyesha kuwa waliofanya mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki walikuwa na akili timamu zaidi kuliko wasiofanya. Maambukizi, kuanguka na huzuni isiyotibiwa, kwa upande mwingine, huweza kumporomosha mgonjwa ghafla.

Kwa hiyo ndugu yako wa miaka 45 akianza kupotea njia aliyoizoea, usimwite mlevi wala usikimbilie kusema amerogwa. Mpeleke hospitali apimwe mapema, kwani upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo na sonona huleta dalili zinazofanana, na hayo yanatibika.