Mjane Langoni pa Mji

Maturubai yakishashushwa, sufuria za kukodi zikarudishwa na wageni wa mbali wakapanda basi, nyumbani kwa marehemu hubaki watu wachache: mjane, watoto wake na wanaukoo. Ndipo huitishwa kikao. Kanisa lililojaa pale siku ya mazishi, na kwaya yake na sare zake, mara nyingi halipo tena. Na kikao hicho ndicho kinachoamua nani awe msimamizi wa mirathi, nyumba ibaki mikononi mwa nani, shamba alime nani, na yule mama akae wapi.

Sura hii inahusu tumaini, na nimeianza kikaoni kwa sababu Biblia yenyewe humweka mjane mahali pa namna hiyo. Katika Torati anatajwa pamoja na yatima na mgeni. Watatu hao walikosa mtu wa kuwasemea langoni pa mji, mahali wazee walipoketi kusikiliza mashauri na kushuhudia mauzo ya mashamba. Kumbukumbu la Torati inakataza kuchukua vazi la mjane liwe rehani, na inaagiza masazo ya nafaka, zeituni na zabibu yaachwe shambani kwa ajili yake. Kutoka, sura ya 22, ni kali zaidi: mjane akionewa na kumlilia Mungu, kilio chake kitasikiwa, na wake za waonezi hao nao watakuwa wajane. Kabla Maandiko hayajamwambia mjane avumilie, yamekwisha kumtisha anayemwonea.

Kitabu cha Ruthu kina sura nne tu, na laiti kila mwanaukoo angekisoma kabla ya kwenda kikaoni. Naomi anarudi Bethlehemu kutoka Moabu akiwa amewazika mume na wana wawili. Wanawake wa mji wanapomlaki, anakataa kuitwa kwa jina lake zuri. Anataka jina chungu, na anasema wazi kwamba Mwenyezi ndiye aliyemtenda hivyo. Hakuna anayemkemea, wala msimulizi hatii neno la kumsahihisha. Wajane wetu wengi hawapati nafasi hiyo. Siku ya tatu tu wameshaambiwa kwamba machozi mengi ni upungufu wa imani, na kuna wanaoulizwa kwa mafumbo walimpa nini marehemu. Yesu alimwambia mjane wa Naini asilie, ni kweli. Lakini alimwambia hivyo akiwa njiani kuligusa jeneza na kumrudishia mwanawe. Asiye na cha kumrudishia na aketi naye kwanza, amwache alie.

Kisha soma sura ya nne ya Ruthu. Boazi, jamaa wa mumewe Naomi, anakwenda langoni, anawaketisha wazee kumi, na anamwita ndugu wa karibu kuliko yeye mwenye haki ya kulikomboa shamba la Elimeleki, mume wa Naomi. Ndugu yule anasikia habari za shamba na anakubali papo hapo. Anapoambiwa kwamba shamba linakuja pamoja na Ruthu, mjane wa mwana wa Naomi, na kwamba jina la marehemu lapaswa kusimamishwa juu ya urithi wake, anajitoa, akihofia urithi wake mwenyewe. Ndugu huyu tunamfahamu. Amekaa katika vikao vyetu vingi. Nami huona jambo moja kila nikisoma: kitabu kinachojali kiasi hicho jina la marehemu lisifutike hakikulitaja jina la ndugu huyu hata mara moja.

Kuna wanaokishika kitabu hikihiki kutetea kurithi wajane. Husema, Boazi alimrithi Ruthu, basi mila zetu zina idhini ya Maandiko. Hoja hiyo haifiki mbali. Ruthu ndiye aliyeamua kumfuata Naomi, akaomba ruhusa ya kwenda kuokota masazo, na usiku ule kwenye uwanja wa kupuria, ingawa Naomi ndiye aliyemtuma, maneno ya kuomba ndoa yalitoka kinywani mwake mwenyewe. Hakukabidhiwa mtu. Boazi hakulitamani shamba akamvumilia mwanamke. Alikubali gharama ili shamba libaki katika jina la marehemu. Mtheolojia wa Kenya, Musimbi Kanyoro, alikisoma kitabu hiki pamoja na wanawake wa kijijini Magharibi mwa Kenya, akaandika jinsi mila inavyoongoza masikio ya msomaji. Ni kazi ya maana, kwa sababu wanawake hao huisikia hadithi ya Ruthu wakiwa na mama mkwe wao wenyewe akilini, na mashemeji wao.

Hata hivyo haki inatudai tuseme jambo la upande wa pili. Mila ya kurithi wajane haikuanza kama unyang'anyi. Padre Michael Kirwen wa shirika la Maryknoll alichunguza jambo hili miongoni mwa Wajaluo, Wakuria, Wakwaya na Wasukuma wa Tanzania, na kitabu chake kilitoka mwaka 1979. Alionyesha kwamba kwa fikra za jamii hizo mjane aliendelea kuwa mke wa marehemu, na shemeji aliingia kumsimamia ili apate pa kulala, chakula, na watoto wabaki kwa baba yao. Kanisa lilipokutana na muungano huo liliuita uzinzi au uke wenza, likamnyima mama huyo Meza ya Bwana. Mjane akasimama kati ya milango miwili. Akibaki kwa shemeji, alikosa sakramenti. Akiondoka, alikosa paa. Wamisionari waliofunga mlango wa kwanza hawakumfungulia mwingine. Siitetei mila hiyo, hasa baada ya miaka ambayo UKIMWI ulipita katika nyumba hizo, na desturi ya kumtakasa mjane kwa kulala naye ikawa njia ya kifo. Lakini kanisa linalosema hapana kwa shemeji linawajibika kusema ndiyo kwa jambo lingine, na ndiyo hiyo iwe na mabati na mahindi ndani yake.

Sheria imesaidia kwa sehemu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema kwamba mila iseme isemavyo, mwanamke aliyefiwa yu huru kuishi apendapo, kubaki bila mume au kuolewa na amtakaye. Kwa hiyo hakuna wa kumlazimisha arithiwe. Shamba ni habari nyingine. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa na mashemeji zao pamoja na watoto, walizipinga kanuni hizo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua lakini ikakataa kuzifuta. Shauri lao likafika Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao.

Kwa Mkristo wa Tanzania kuna njia nyingine ambayo wachungaji wengi hawaifahamu. Mahakama ikiridhika kwamba marehemu aliacha kuishi kwa kufuata mila, inaweza kutumia sheria ya urithi ya mwaka 1865 iliyotoka India, ambayo humpa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Cheti cha ubatizo peke yake hakitoshi. Mahakama hutazama namna mtu alivyoishi: alioa vipi, aliendesha vipi nyumba yake, alishika taratibu zipi. Hapo imani ya marehemu inageuka ushahidi, na wa kuusema ushahidi huo ni waumini wenzake. Kenya ilionyesha mwaka 1987 jinsi jambo hili lilivyo gumu, pale Mahakama ya Rufaa ilipoupa ukoo wa Umira Kager mwili wa wakili S. M. Otieno, ingawa mjane wake, Wambui, alieleza mahakamani kwamba mumewe aliishi maisha ya kisasa na ya Kikristo.

Ndiyo maana mfano wa mjane na kadhi dhalimu, Luka 18, hauishi kunishtua. Tumezoea kuuhubiri kama somo la kudumu katika sala, na Luka mwenyewe anautambulisha hivyo. Lakini Yesu angeweza kuchagua mtu yeyote anayeomba kitu chochote. Alichagua mjane mwenye kesi, anayerudi na kurudi mahakamani akidai haki dhidi ya mpinzani wake. Mama anayepanda daladala kwenda Mahakama ya Mwanzo kwa mara ya nane, bahasha ya vyeti ikiwa kwapani, ameshika mfano huo kuliko sisi tuliokaa viti vya mbele.

Nisipite bila kugusa senti mbili za mjane. Marko 12 husomwa sana siku za matoleo na harambee za ujenzi, na mjane yule hutolewa kielelezo ili wengine nao wachangie. Soma aya zilizotangulia. Yesu ametoka kuwaonya watu juu ya waandishi wenye mavazi marefu, wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mara anatokea mjane akitia hazinani riziki yake yote. Mara tu baadaye mwanafunzi anastaajabia mawe ya hekalu, naye Yesu anasema halitasalia jiwe juu ya jiwe. Imani ya mama yule ilimgusa Bwana kweli, na alisema ametoa kuliko wote. Lakini hakuwaambia wanafunzi waende wakakusanye zaidi kwa wanawake kama yeye. Kanisa likipokea senti ya mwisho ya mjane, linadaiwa naye.

Kanisa la kwanza lilijua deni hilo. Yerusalemu, wajane waliosema Kiyunani walipokuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, mitume hawakuwaambia waombe tu. Walichaguliwa watu saba kulisimamia jambo hilo, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Upande ulioonewa ulipewa ghala. Mwaka 251 Askofu Kornelio wa Roma aliandika kwamba kanisa lake lilitunza wajane na maskini zaidi ya 1,500. Na kule Yopa, chumba ambamo Petro alimfufua Dorkasi kilikuwa kimejaa wajane wakionyesha nguo alizowashonea. Tumaini la ufufuo na kanzu iliyoshonwa vizuri vilikuwa katika chumba kimoja, na mwandishi wa Matendo hakuona haja ya kuvitenganisha.

Parokia au usharika hauhitaji mfadhili ili uanze. Jumuiya ndogo ndogo tayari zinamjua kila mjane wa mtaa wake. Umoja wa wanawake unaweza kutenga nauli ya mahakamani kama unavyotenga ya rambirambi. Mzee wa kanisa anaweza kuomba kwa heshima kuketi katika kikao cha ukoo, na muhtasari unapoandikwa, ausome kabla haujatiwa saini: jina la mke limo? Watoto wote wametajwa? Mchungaji naye asingoje msiba. Anapowafundisha wachumba kabla ya ndoa, azungumze nao kuhusu wosia, na miaka michache baadaye awatembelee akaulize hati ya kiwanja imeandikwa majina ya nani.