Sakafu ya Kwai Hukauka Baada ya Muda Gani?

Gramu 20 za maji ni kijiko kimoja cha chakula na kidogo juu yake. Ukizitandaza kwenye mita moja ya mraba ya sakafu, unapata utando wenye unene wa sehemu mbili kwa mia za milimita, mwembamba kuliko unywele, ambao jicho huuona kama mng'ao tu. Unatosha kumwangusha mtu mwenye soli laini. Je, wajua kwamba utando huo, ulioachwa na mashine ileile ya kusugulia sakafu, unaweza kumalizika kwa takriban dakika 10 Tanga mjini, na kukaa zaidi ya saa mbili huko Kwai, juu ya Lushoto, ndani ya mkoa huohuo?

Tuanze na mashine, kwa sababu wengi hudhani ndiyo inayokausha. Ina matangi mawili, moja la maji safi yenye sabuni na jingine la maji machafu. Maji safi hushuka kwenye burashi au pedi inayozunguka, burashi inasugua, kisha nyuma yake inafuata raba ndefu iliyopinda, pana kuliko burashi, inayokusanya maji na kuyapeleka kwenye bomba la kufyonza. Hakuna joto popote katika safari hiyo. Mashine inayarudisha maji iliyoyamwaga, na yale yanayoponyoka inaiachia hewa iyachukue.

Kwa hiyo muda wa kukauka huanza kuamuliwa pale kwenye raba. Ikilika ukingo, inaacha michirizi. Nyingi zimetengenezwa ziweze kugeuzwa, ukingo ulioisha ukabadilishwa na mwingine, hadi kingo nne zitumike. Lakini ni wangapi hukumbuka kuigeuza? Sabuni ikizidi, povu hujaa kwenye tangi la maji machafu na kuweza kuingia kwenye mota ya kufyonza. Kwenye kona, mwendeshaji akikata ghafla, raba inabaki nyuma ya njia ya burashi na maji yanabaki sakafuni kama mwezi mchanga. Dekio lisilokamuliwa vizuri huacha maji mara kadhaa ya hayo, na hapo ndipo mashine inapolishinda.

Baada ya hapo kazi ni ya hewa, na hewa ya Usambara ina masharti yake.

Kila mita moja ya ujazo ya hewa ina kikomo cha mvuke inaoweza kubeba, na kikomo hicho kinategemea joto. Kwenye nyuzijoto 30 ni karibu gramu 30. Kwenye nyuzijoto 20 ni gramu 17, na kwenye 12 hazifiki 11. Chukua chumba cha Tanga chenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 70: hewa yake tayari imebeba gramu 21, imebakiwa na nafasi ya gramu 9. Sasa panda hadi Kwai, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Julai yenye nyuzijoto 12 na unyevu wa asilimia 95. Nafasi iliyobaki ni nusu gramu. Maji ya sakafuni hayana pa kwenda.

Baridi hiyo ina sababu. Pepo za kusini mashariki hutoka Bahari ya Hindi zimejaa mvuke, zikigonga Usambara zinalazimika kupanda, na hewa inayopanda hupoa. Kwa wastani joto hupungua nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana ukungu hulala kwenye mabonde ya Lushoto hadi jua likolee, na ndiyo maana Wajerumani walipoanzisha shamba lao la majaribio Kwai mwaka 1896 walitarajia kwamba mazao na mifugo ya kwao ingeweza kustawi huko. Kabichi, karoti na viazi vinavyoshuka leo kutoka milimani kwenda masoko ya pwani vinaishi kwa unyevu huohuo unaomchosha mtu wa usafi.

Wahandisi wana kanuni ya kukadiria maji yanayopotea kutoka mabwawa ya kuogelea. Inatazama tofauti kati ya msukumo wa mvuke kwenye uso wa maji na msukumo wa mvuke uliomo hewani, pamoja na kasi ya upepo. Ukiitumia kwa sakafu kama makadirio, hesabu inasema hivi: sakafu ya Tanga yenye nyuzijoto 28, chini ya hewa tulivu tuliyoitaja, hupoteza gramu 115 hivi kwa kila mita ya mraba kwa saa. Sakafu ya Kwai yenye nyuzijoto 13, chini ya hewa ya nyuzijoto 14 na unyevu wa asilimia 90, hupoteza gramu 9 tu. Zile gramu 20 zetu hapo ndipo zinapopata dakika 10 upande mmoja na saa mbili na zaidi upande wa pili. Hewa nyepesi ya mlimani husaidia kidogo, kwa kuwa molekuli za maji hupenya kwa urahisi zaidi pale msukumo wa hewa unapopungua, ila msaada huo ni mdogo mno kufidia baridi.

Na kugeuka mvuke kuna gharama. Kilo moja ya maji huhitaji takriban kilojuli 2,450 ili ipae, zaidi ya mara saba ya joto linalohitajika kuichemsha kutoka nyuzijoto 20 hadi 100. Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kwenye sakafu yenyewe, ambayo hupoa kadiri inavyokauka. Sakafu iliyoanza asubuhi ikiwa baridi haina akiba kubwa ya kutoa.

Hapa ndipo penye jambo linalostahili kujulikana na kila anayetunza shule, zahanati au nyumba ya wageni milimani: dirisha. Desturi ni kudeki na kufungua madirisha yote. Alfajiri, desturi hiyo ni sahihi, hata ukungu ukiwa mlangoni. Ukungu wa nyuzijoto 11 umebeba mvuke wa gramu 10 hivi kwa kila mita ya ujazo. Ukiingia kwenye ukumbi uliohifadhi nyuzijoto 16, hewa hiyo inapata joto na nafasi ya gramu tatu na zaidi. Hata matone yake yakimega sehemu ya nafasi hiyo, kinachosalia si haba.

Saa nne asubuhi mambo yanageuka. Jua limetoka, nje ni nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 85, watu wanasema sasa kumekucha vizuri. Hewa hiyo imebeba karibu gramu 15. Ndani, sakafu ya saruji bado ina nyuzijoto 15 kwa sababu saruji hupata joto polepole, na hewa inayoigusa haiwezi kubeba hata gramu 13. Ziada inaangukia chini. Sakafu inatoka jasho, na mtu aliyeisugua alfajiri anaikuta imelowa tena bila mtu kuimwagia tone. Kulaumu mashine au mfanyakazi kwa jasho hilo ni kumwonea mtu. Kwa saa hizo dirisha lililofungwa hukausha kuliko lililo wazi, hadi sakafu yenyewe ipate joto.

Feni husaidia wakati wowote ambapo hewa bado ina nafasi. Kwa kanuni ileile, upepo wa mita moja kwa sekunde juu ya sakafu huongeza kasi ya kukauka karibu maradufu. Hewa ikishajaa, feni inazungusha unyevu tu.

Aina ya sakafu nayo ina neno lake. Marumaru ngumu za kisasa, zile za daraja la juu, hunyonya maji yasiyozidi nusu asilimia ya uzito wake, hivyo utando hubaki juu na kuondoka wote. Saruji isiyo na nta hunywa. Uso wake unapauka mapema, mtu anaamini imekauka, kumbe maji yamo kwenye vitundu na yatatoka taratibu kwa saa nyingi. Hata kwenye marumaru, sehemu za mwisho kukauka ni mistari ya saruji kati ya kigae na kigae, na vile vibonde vidogo ambavyo raba haikuvifikia.

Kwa hesabu hizi zote, saa bora ya kusugua Kwai wakati wa kipupwe ni saa tisa alasiri. Sakafu imepokea joto la siku nzima, na jioni inapoingia hewa ya nje inapoa na kubeba mvuke mchache kuliko ule ulio juu ya sakafu yenye joto; matundu ya juu ya madirisha yakiachwa wazi, unyevu hutoka usiku. Shule nyingi huwapa wanafunzi zamu ya kudeki asubuhi kabla ya masomo. Huko milimani, kati ya Juni na Agosti, zamu hiyo ingefaa ihamie baada ya masomo, na watoto wasingekanyaga maji saa moja na nusu asubuhi.

Ikitokea sakafu haikauki hata alasiri yenye jua, kuna kipimo cha bei ndogo. Kata kipande cha nailoni cha ukubwa wa nusu mita, kiweke pale panapolowa, ubandike kingo zote nne kwa gundi ya utepe, na ukiache hadi kesho yake. Matone yakikutwa juu ya nailoni, yametoka hewani, na dawa ni kubadili saa za kusugua na za kufungua madirisha. Yakikutwa chini yake, maji yanapanda kutoka ardhini kupitia saruji au yalikuwa yamenywewa humo. Aitwe fundi aangalie msingi na mfereji wa maji ya mvua nyuma ya ukuta.