Mguso Usio na Mkono: Kutoka Shikamoo hadi Uhalisia Pepe

Leo wahandisi hutengeneza glavu zinazotetema ili mvaaji, akiwa katika uhalisia pepe, ahisi ameshikwa mkono na mtu aliye mbali. Mguso usio na mkono, hata hivyo, si jambo geni katika lugha yetu. Neno shikamoo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni ufupisho wa "nashika miguu yako". Kijana wa Dimani, wilayani Kibiti, halazimiki kushika miguu ya bibi yake. Hulitamka neno, naye bibi huitika marahaba. Akiwa Dar es Salaam hulitamka kwa simu, na heshima hufika. Kitenzi kusikia nacho hubeba sauti na hisi za mwili: twasikia wimbo, twasikia baridi, twasikia maumivu.

Je, neno latosha? Sarufi yatutahadharisha. Kugusa huhitaji mtendaji mmoja. Kugusana, kushikana na kukumbatiana, ambavyo vimo katika kauli ya kutendana, hudai wawili, kila mmoja akitenda na kutendewa. Glavu humgusa mvaaji. Yenyewe haihisi kuguswa. Upande wa pili akiwapo mtu aliyevaa yake, kutendana huanza; ikiwapo programu tu, hakuna kutendana.

Mwaka 2020, tulipoacha kupeana mikono kwa hofu ya UVIKO-19, salamu ziliendelea, lakini wagonjwa bado walihitaji mikono ya kuwageuza kitandani. Bibi wa Dimani akiugua, shikamoo ya simu humfariji, bali haimwinui. Kwa hiyo kila chombo kipya tukiulize: chaleta kugusana, au kugusa tu?