Ajali za Barabara ya Garissa Zina Kiini, Zitafutiwe Tiba

Atokaye Nairobi kwenda Garissa husafiri kiasi cha kilomita 370. Akiisha kuupita mji wa Mwingi, milima humwachia njia, na mbele yake lami hunyooka katikati ya nyika. Hapo ndipo madereva wengi hukanyaga mafuta wakidhani kuwa wamefika penye salama. Kumbe hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kila ajali itokeapo husemwa kuwa ni kudra ya Mungu. Hatumpingi anayeamini hivyo. Lakini dini hiyo hiyo inayofuatwa na wengi wa wakazi wa Garissa inamfunza mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mola. Ajali zikirudia mahali pamoja, saa zile zile na kwa namna ile ile, hizo ni dalili za ugonjwa. Na ugonjwa hupimwa kabla ya kutibiwa.

Tumchukue huyo huyo ngamia. Garissa ina mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki, na makundi huikata barabara kwenda malishoni na mtoni Tana. Usiku, taa za gari humulika miguu myembamba tu ya ngamia, kiwiliwili kikabaki gizani. Gari dogo likimpiga miguu, kiwiliwili hicho kizito huangukia kioo cha mbele, walipo abiria. Mfugaji naye hupoteza mali, pengine karo ya wanawe.

Walimu wa hesabu na wawape wanafunzi swali hili. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kuona hatari na kukanyaga breki, amekwisha kwenda mita 33. Kusimama kwenyewe, hata juu ya lami kavu, hutaka mita nyingine 35 hivi. Ikiwa taa zake za chini zinamulika mita 50 pekee, je, ngamia atapona? Na abiria je?

Huko Saudi Arabia wamejenga nyua kando ya barabara kuu na njia za ngamia kupita chini yake. Kwetu nyua ndefu zingewazuia wafugaji wasifike majini. Hata hivyo, wazee wa vijiji wanazijua njia za mifugo. Waulizwe, na hapo pafyekwe vichaka, pawekwe alama zinazong'aa na mwendo upunguzwe. Gharama ya hayo ni ndogo ikilinganishwa na ya mazishi.

Ugonjwa wa pili ni maji. Mvua za El Niño za 1997 ziliikata barabara hii, na mafuriko ya 2023 yakaikata tena. Aprili 2024 basi lilisombwa na maji, na abiria 51 wakaokolewa. Mwezi huo huo, huko Kona Punda, Madogo, mashua ilipinduka ikivusha watu mahali ambapo magari hayangeweza kupita, na baadhi yao wakafa. Jambo linalorudi kwa miongo halistahili tena kuitwa la ghafla. Daraja na makalavati yalingane na maji yanayojulikana, na pawepo kizuizi cha kuyafungia magari njia kabla dereva hajajaribu bahati yake.

Kwamba tiba ipo tumeiona kwingineko. Tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 waliangamia Migaa, karibu na Salgaa, baada ya miaka mingi ya kuwalaumu madereva peke yao. Ndipo magari yapandayo yalipotenganishwa kwa ukuta na yashukayo, yasikutane tena uso kwa uso. Makosa ya binadamu hayakwisha, ila barabara iliacha kuyaadhibu kwa kifo. Swali linalotuuma ni hili: mbona ukuta ulingoja maiti?

Mwaka wa 2024 Kenya ilipoteza watu zaidi ya 4,700 barabarani. Sasa lami inaelekea Wajir na Mandera kupitia Isiolo, na nyingine inaunganisha Lamu na Garissa. Kaskazini Mashariki imeililia lami hiyo tangu uhuru, na haifai iwe neema yenye msiba. Serikali haina budi kukusanya habari za kila ajali, mahali, saa na sababu. Kuanza na sehemu zinazoua zaidi. Na baada ya matengenezo, kurudi kupima kama vifo vimepungua. Bila kipimo hicho, fedha hutumika na hapana ajuaye kama zimefaa.

Wanafunzi wetu, ambao wengi huivuka barabara kila asubuhi, wanaweza kuchora ramani ya mahali walipoponea chupuchupu na walimu wakaifikisha kwa wahusika. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa za barabara ya Garissa tunazijua kwa majina.