Laptopu mpya? Usiingize biashara yako humo kabla hujapiga Windows upya

Mfanyabiashara mwenzangu, kama umenunua laptopu juzi na bado hujafungua WhatsApp ya biashara humo, simama kidogo usome hii. Kama umeshafungua, soma pia. Hujachelewa.

Mimi nauza magauni na mikoba mtandaoni. Kwa muda mrefu nilifanya kila kitu kwa simu: picha, oda, hesabu, orodha ya wanaodaiwa. Oda zilipozidi nikajibana, nikanunua laptopu iliyotumika, zile zinazokuja kutoka nje, kwenye duka moja hapa Dar. Muuzaji akanisifia: "Dada, hii iko tayari kabisa. Windows imo, Office imo, Photoshop imo. Wewe ni kuwasha na kupiga kazi tu." Nikafurahi, nikaona nimeokoa hela ya fundi. Usiku huohuo nikafungua WhatsApp, nikaingia Instagram, na pasiwedi zote nikaziacha zitunzwe humohumo.

Wiki ya tatu mteja wangu wa Morogoro akanipigia: "Dada, ile laki na ishirini nimeshatuma kwenye namba yako mpya. Mzigo unatoka lini?"

Namba mpya ipi? Mimi sina namba mpya.

Kumbe kuna mtu alikuwa anaingia kwenye ukurasa wangu, anasubiri mteja akubali bei, kisha anampa namba yake ya kulipia na kufuta meseji. Wateja watatu walilipa. Niliwatumia mizigo yao wote, kwa sababu wao walijua wamenilipa mimi. Mtaji wa mwezi ule ukaishia hapo.

Siwezi kuapa kwamba tatizo lilikuwa laptopu. Lakini fundi alipoikagua alikuta ulinzi wa Windows umezimwa, Windows yenyewe ni ya magendo, na kuna programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali ambayo mimi sikuiweka. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Kabla hujaanza kuitumia, uliifomati?" Nikabaki kimya.

KWA NINI "IKO TAYARI" SI SIFA

Laptopu iliyotumika ni kama chumba cha kupanga. Mpangaji wa kabla yako anaweza kuwa mtu mzuri sana, lakini hujui funguo ziko mikononi mwa nani. Mwenye akili anabadilisha kitasa kwanza, ndiyo anaingiza kitanda. Kufomati na kupiga Windows upya ndiko kubadilisha kitasa.

Shida kubwa iko kwenye zile programu za kufanya Windows au Photoshop ya magendo ikubali. Nyingi zinamtaka anayeziweka azime ulinzi kwanza. Ulinzi ukishazimwa, chochote kinaweza kuingia na wewe usione dalili yoyote. Laptopu inawaka vizuri, inafanya kazi, unasema umepata mali.

Je, laptopu mpya kabisa? Kama umeifungua kwenye boksi mwenyewe na inakuuliza lugha na nchi kama simu mpya, huna haja ya hofu. Ondoa tu zile programu za majaribio usizozitaka. Lakini kama duka lilishaifungua na "kukuwekea vitu", ihesabu kama iliyotumika.

Na siku nzuri ya kufanya hivi ni siku ya kwanza, kwa sababu humo bado huna kitu cha kupoteza. Ukisubiri miezi sita, utakuwa na picha, oda na hesabu, na kila siku utasema "nitafanya kesho".

KABLA HUJAFUTA CHOCHOTE

Kwanza, angalia kama mashine inaibeba Windows 11. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usinunue tatizo. Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kile kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kwa prosesa za Intel Core, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8. Tazama namba: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6. Hiyo ya 6 iache dukani hata kama bei inakuvuta. Na kwa kazi zetu za picha na kurasa nyingi kwa mpigo, tafuta RAM ya GB 8.

Pili, usihangaike kununua namba ya leseni. Laptopu nyingi za kampuni kubwa zilitoka kiwandani na Windows halali, na leseni inaikumbuka mashine yenyewe. Ukirudisha toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ikipata intaneti inajitambua. Ukimaliza, ingia "Settings", "System", "Activation" uhakikishe.

Tatu, andaa flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa yote. Andaa pia bando la kutosha au Wi-Fi, kwa sababu mzigo wa Windows unazidi GB 4. Chomeka chaji. Umeme ukikatika katikati na betri ni mbovu, utaanza upya.

NJIA FUPI

Hii inafaa kwa laptopu ambayo unajua ilikotoka. Ingia "Settings", "System", "Recovery", kisha "Reset PC". Chagua "Remove everything", halafu "Cloud download". Hiyo ya pili ndiyo muhimu: inashusha Windows safi kutoka Microsoft. Ukichagua "Local reinstall", inajijenga kwa mafaili yaliyomo ndani ya mashine ileile usiyoiamini.

NJIA YA UHAKIKA

Kwa laptopu iliyotumika, fanya hii.

1. Tumia kompyuta ya mtu unayemwamini. Ingia tovuti ya Microsoft yenyewe, ukurasa wa kupakua Windows 11, uchukue programu ya Media Creation Tool. Itakutengenezea flashi. Usichukue Windows kwenye makundi ya Telegram.

2. Chomeka flashi kwenye laptopu yako ikiwa imezimwa. Washa huku unagonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Dell, Lenovo na Acer nyingi ni F12. HP ni F9. Asus nyingi ni Esc. Chagua flashi.

3. Fuata maelekezo hadi uone orodha ya vipande vya diski. Futa vyote vya diski ya laptopu, kimoja kimoja, mpaka ibaki nafasi tupu moja. Hapa ndipo mafundi wa haraka wanapokosea: wanafuta C tu, D wanaiacha na mafaili ya mwenyewe wa zamani. Ila angalia usiiguse flashi, wala diski ya nje kama umeichomeka.

4. Chagua ile nafasi tupu, endelea. Mashine itajizima na kujiwasha mara kadhaa. Iache.

Orodha ya diski ikija tupu, usipanike. Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni zinahitaji draiva ya diski, unaipata kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu na kuiweka kwenye flashi. Na Wi-Fi ikikataa mwishoni, chomeka simu yako kwa waya na uwashe kushea intaneti kwa USB.

UKIONA JINA LA KAMPUNI, SIMAMA

Kuna kitu kimoja ambacho kufomati hakukiondoi. Baadhi ya laptopu zilikuwa za ofisi za nje, na bado zimeandikishwa kwenye mfumo wa kampuni hiyo. Ukishapiga Windows na kuunganisha intaneti, inakukaribisha kwa jina la kampuni na kutaka akaunti ya kazini. Hiyo mashine bado ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuifunga wakati wowote. Usitafute fundi wa "kuruka" hapo. Irudishe.

Ndiyo maana fanya kazi hii siku za mwanzo, wakati muuzaji bado anakukubali. Kabla ya kulipa mwambie aandike kwenye risiti kwamba ikiwa na akaunti ya mtu au kampuni, unarudisha.

UKISHAMALIZA

Acha masasisho yote yaingie, hata kama ni nusu siku. Hakikisha "Windows Security" ina alama ya kijani, hiyo inatosha kukulinda bila kununua programu nyingine. Kwa barua na hesabu, LibreOffice ni bure na halali.

Jambo moja wengi wanalipita: Windows 11 za sasa, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi zinaifunga diski kwa usimbaji. Ni jambo zuri, laptopu ikiibiwa mwizi hasomi orodha ya wateja wako. Lakini kuna funguo ya tarakimu 48 inayotunzwa kwenye akaunti hiyo. Iandike kwenye daftari. Ukiipoteza funguo na akaunti, na wewe umefungiwa nje.

Kama ulishaitumia laptopu kabla ya kufomati, chukua simu. Kwenye WhatsApp fungua vifaa vilivyounganishwa, toa vyote. Badilisha pasiwedi za barua pepe kwanza, kisha Instagram na Facebook. Washa uthibitisho wa hatua mbili kila mahali.

Na kama mambo haya yanakuchosha, si lazima ufanye mwenyewe. Mpe fundi, lakini kaa pembeni yake na umwambie mapema: flashi itoke Microsoft, vipande vyote vifutwe, na hakuna programu ya magendo. Akikwambia "sista, hii kila mtu anawekewa", chukua laptopu yako uondoke.

Mteja wangu wa Morogoro bado ananunua kwangu. Siku hizi namba ya malipo na jina lake nimeibandika juu ya ukurasa, na chini yake nimeandika: nikikupa namba nyingine, si mimi, nipigie. Fanya hivyo na wewe, leo hii, hata kabla ya kugusa laptopu.

Kuna mwenzako anakwenda kununua laptopu wiki hii? Mtumie hii kabla hajalipa.