Wanahistoria Watumishi wa Dola (2): Bethwell Ogot na Wazee wa Padhola

Sehemu iliyotangulia ilieleza maisha ya Sima Qian, mwanahistoria rasmi wa Kaizari Wu wa utawala wa Han, ambaye alihasiwa kwa kumtetea jemadari Li Ling, na hata hivyo akaikamilisha historia yake yenye sura 130. Kabla ya kukabidhiwa nyaraka za ikulu, Sima Qian alizunguka nchi akiwasikiliza wazee mahali penyewe matukio yalipotokea, na hapo ndipo anapofanana na mwanahistoria Bethwell Allan Ogot (1929–2025) wa Gem, magharibi mwa Kenya, aliyepata kuwa mwenyekiti wa Shirika la Posta na Simu la Kenya na baadaye mkuu wa Chuo Kikuu cha Moi.

Kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu Waluo wa Kusini kinavuka mpaka hadi Budama, katika Tororo ya leo, kwa Wajopadhola, jamii ya Kiluo ambayo haikuwa na mfalme wala mwandishi wa baraza. Mchina alikuwa na kumbukumbu za watawala za kupimia aliyoyasikia. Ogot alikuwa na mapokeo ya mdomo, yaani habari ambazo kizazi hukirithisha kizazi, na nasaba za koo, ambazo mtafiti huhesabu vizazi vyake na kuvizidisha kwa wastani wa miaka ili akadirie ukoo fulani ulihamia lini. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa kuwa babu wawili wa jina moja huweza kuunganishwa wakawa mmoja, na babu asiye na sifa akasahauliwa. Kwa hiyo simulizi ya ukoo mmoja hulinganishwa na ya majirani, na mfuatano wa matukio huaminika kuliko miaka yenyewe.

Sehemu iliyo nzito zaidi katika utafiti huo ni ile ya Bura, ibada ambayo mwishoni mwa karne ya 19, chini ya kuhani Majanga, ilizileta pamoja koo zilizokuwa zikijitawala kila moja kivyake. Umoja huo ulikuwa bado mchanga pale mawakala wa Kiganda wa Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyewatumikia Waingereza, walipoingia Bukedi, eneo lililojumuisha Budama, wakaweka machifu wao na kuifanya Luganda kuwa lugha ya utawala; na mwaka 1902 Waingereza walipolihamishia lililokuwa Jimbo la Mashariki la Uganda katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, Padhola, nchi ya Wajopadhola, ilibaki upande mmoja na Gem ikaangukia mwingine.