Programu ya Kurekodi Chini ya Paa la Mabati

Anayeanza kurekodi muziki nyumbani aghalabu hudhani kwamba programu ndiyo studio. Programu ya Audacity, iliyotolewa mwaka 2000 na isiyolipiwa, hukata sauti, huiunganisha na kuipanga tabaka juu ya tabaka. Ila haiwezi kuitenga kikamilifu sauti ya mwimbaji na kishindo cha mvua juu ya mabati. Mogogosiek, kwenye nyanda za majani chai, mvua hupenda kunyesha alasiri. Kwa hivyo kazi ianze asubuhi, katika chumba kilichotundikwa mablanketi.

Hugh Tracey alipowarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba ‘Chemirocha’ mwaka 1950 huko Kapkatet, si mbali na Mogogosiek, hakuwa na tarakilishi. Uwiano wa sauti zao na kinubi ulitegemea mahali maikrofoni ilipoelekezwa. Hilo halijabadilika.

Maikrofoni ikishasogezwa, kiwango kipimwe kwa kifungu cha wimbo chenye sauti ya juu kabisa, kisipite desibeli -6. Sauti ikivuka sifuri hupasuka, na mpasuko huo hauzibiki vizuri. Nakala ya WAV ihifadhiwe kabla ya kuibana kuwa MP3.